Inaharibika, na Tuseme

Katika mji huu wa Goma, ambao watu hawakubaliani hata juu ya bei ya sombe sokoni Virunga, kuna neno moja linalowaunganisha Mkatoliki, Msabato na Mwislamu wa Birere: motokari ya Toyota haiharibikake. Utalisikia kwa muuzaji. Utalisikia kwa mjomba anayegawa ushauri kwenye harusi. Utalisikia hata kwa fundi aliyelala chini ya Toyota tangu asubuhi, grisi hadi kwenye viwiko, akishusha giaboksi ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, haifi. Nimechoka kulisikia. Si kwamba naichukia Toyota. Nikipewa dola leo na kuambiwa nichague gari la kubebea watoto, huenda nikarudi hukohuko. Nimechoka kwa sababu neno hili linawatia watu hasara, na limejengewa ukuta ambao hakuna ushahidi unaoweza kuupita.

Ukuta wenyewe ni huu. Gari likiharibika, kosa ni la lava. Kama mwenye gari anakaa kwenye lami, kosa ni la dereva. Kama dereva ni mzuri, kosa ni la piesi feki. Na kama piesi ni za kweli, basi hiyo haikuwa Toyota ya kweli, ni ya Dubai. Vyovyote itakavyokuwa, jina linatoka safi, na mwenye gari anatoka na aibu.

Tuanze na mahali sifa ilikotoka, maana sifa haikuanguka kutoka mbinguni. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda wanaokaribia milioni moja walipovuka mpaka na kumiminika Goma katika siku chache, mashirika ya misaada yalikuja nyuma yao, na mashirika yalikuja na Land Cruiser nyeupe. Magari hayo hayakuondoka tena. Mwaka 1999 ukaja ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUC, ambao mwaka 2010 uligeuzwa MONUSCO, na magari meupe yakaongezeka. Watoto wa Goma wa miaka ile, ambao leo ni wazazi na wanunuzi wa magari, walikua wakiliona gari la aina moja likipanda Masisi kwenye matope na kurudi, likienda Rutshuru na kurudi, likisukumwa na madereva wasio na huruma, na bado kesho yake linawaka.

Lakini lilikuwa gari gani? Lilikuwa Land Cruiser ya safu ya 70, muundo uliotoka mwaka 1984, lenye chasi nzito ya ngazi. Mengi yalikuwa na injini ya dizeli ya 1HZ iliyoanza mwaka 1990: silinda 6, lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya dizeli ni ya mitambo tupu, haisubiri amri ya kompyuta. Gibraltar kuna kampuni ambayo kazi yake ni kuyaandaa magari ya namna hii kwa ajili ya mashirika ya misaada. Na hapa Goma, nyuma ya kila gari jeupe kuna mtu wa lojistiki aliyekaa ofisini na daftari: kilomita zinaandikwa, oili inabadilishwa kwa wakati wake, filta inatolewa kabla haijaziba, na dereva akirudi na mlio anatakiwa kuuripoti. Uimara ule ulikuwa wa chuma na wa daftari pia. Sisi tuliona chuma tu.

Mei ya mwaka huohuo wa 1994, Toyota ilizindua nchini Japani gari jingine kabisa, RAV4. Halikuwa na chasi ya ngazi; bodi yenyewe ndiyo mifupa, kama gari dogo la mjini. Lilikusudiwa vijana wa mjini waliotaka kukaa juu kidogo barabarani na kwenda ufukweni Jumapili. Desemba 1997 ikafuata Harrier, iliyojengwa juu ya msingi uleule wa Camry. Ni magari mazuri, yanatulia, yanapendeza mbele ya kanisa. Ila hayana undugu wowote wa chuma na lile lililopanda Masisi. Yana undugu wa nembo. Mkazi wa Himbi anayenunua RAV4 ya mwaka 2003 analipia sifa iliyopatikana kwa jasho la 1HZ, na hiyo 1HZ haimo ndani ya boneti aliyofunguliwa.

Ndani ya boneti hiyo mna nini, basi? Hapa watetezi wa jina hunyamaza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

RAV4 nyingi za kizazi cha pili, zile za 2000 hadi 2005 zilizouzwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe na kisha kuja kwetu kama okazyo, zina injini iitwayo 1AZ-FSE. Toyota iliuita mfumo wake D-4. Katika injini ya kawaida, petroli hupulizwa nyuma ya valvu na kuingia ndani pamoja na hewa, na inapopita inaosha valvu. Katika D-4 petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Inaokoa mafuta, ni kweli. Lakini valvu haioshwi tena. Moshi unaorudishwa kwenye injini na mvuke wa oili huganda juu yake mwaka baada ya mwaka, mpaka gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama kwenye foleni ya Signers, na siku moja linazimika. Pampu yake ya shinikizo haivumilii uchafu. Sasa ifikirie pampu hiyo ikinyweshwa esansi ya kadhafi, iliyopimwa kwa chupa kando ya barabara, ambayo hakuna anayejua imechanganywa na nini na kwa kiasi gani. Fundi hodari wa injini za zamani akiifungua anakuta vitu ambavyo hakufundishwa. Anasafisha, anabahatisha, anafunga. Baada ya wiki tatu gari linarudi.

Kuna 2AZ-FE, ya lita 2.4, iliyomo kwenye Harrier nyingi na kwenye RAV4 za kizazi cha tatu. Hii ina maradhi mawili yanayojulikana dunia nzima. La kwanza, kwenye zile za miaka ya mwanzo, ni nyuzi za boliti zinazofunga kichwa cha silinda kwenye bloku ya aluminiamu: zinachoka na kung'oka. Boliti hailegei kwa nje, inabaki imekaa kama mfalme, lakini haishiki kitu. Maji ya kupoozea yanaanza kuvuja upande wa nyuma ambako jicho halifiki, na injini inachemka. Unabadilisha rejeta, unabadilisha thamostati, unabadilisha kifuniko cha rejeta, na bado inachemka. La pili, kwenye zile za kuanzia mwaka 2006 hivi, ni ringi za pistoni zinazoziba kwa masizi na kuiachia oili ipande kuungua. Nchini Marekani malalamiko yalizidi hadi mwaka 2015 Toyota ikakubali kubadilisha pistoni na ringi bila malipo kwa baadhi ya Camry na RAV4 zilizothibitika kunywa karibu lita 1 ya oili au zaidi kila kilomita 2,000. Katika miji yetu gari la namna hiyo huuzwa kwa maneno haya: "Iko sawa kabisa, inapenda tu uiangalie oili."

Hukohuko Marekani, RAV4 za 2001 hadi 2003 zilisumbuliwa na kompyuta ya injini ambayo ilitoa amri mbovu kwa giaboksi ya otomatiki. Gari linashtuka likibadili gia, kama limegongwa kwa nyuma, na lisiposhughulikiwa giaboksi nzima inakufa. Toyota iliongeza muda wa dhamana ya kompyuta hiyo hadi miaka 10 au maili 150,000. Na anayejigamba kwamba yeye hanunui vidogo, yeye ni mtu wa Prado, aulize kuhusu dizeli ya 1KD-FTV. Vizibo vya shaba vilivyo chini ya injekta vikianza kuvuja, gesi ya moto huingia kwenye oili na kuigeuza tope, tope linaziba kichujio kilicho ndani ya karteri, na injini ya thamani kubwa inakosa oili huku oili imejaa tele. Aliyebadilisha vizibo hivyo mapema hajui hata kama aliwahi kuwa hatarini. Aliyeambiwa Prado haifi alingoja, na alichongojea kilifika.

Nisieleweke kwamba kila RAV4 na kila Harrier ni mgonjwa. Zipo zinazotembea vizuri. Ninachosema ni kwamba haya ni maradhi yenye majina, yenye dalili na yenye miaka yake, na mtu anaweza kuyatafuta kabla ya kutoa pesa. Imani kwamba hayapo ndiyo inayomzuia kuyatafuta.

Sasa lava. Hoja ya lava ina nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli. Tangu lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, tumejenga juu ya jiwe na tunaendesha juu ya jiwe. Ukitoka kwenye lami ukaingia ndani ya Majengo au Ndosho, kila mzunguko wa tairi ni kipigo. Lava inamaliza bushi, inamaliza rotula, inatoboa amortiseri, inakata tairi ubavuni, na jiwe moja lililosimama vibaya linatosha kuipasua karteri. Vumbi lake ni kali kama msasa. Filta ya hewa ikipasuka, silinda zinasagika. Hayo yote nayakubali, na nimeyalipia.

Lakini lava haina mkono wa kufika kwenye nyuzi za boliti ndani ya bloku. Haina njia ya kuziba ringi za pistoni kwa masizi. Haiingii kwenye kompyuta kuivuruga. Camry za Marekani zilizokunywa oili zilitembea kwenye barabara pana za lami na hazijawahi kuiona Nyiragongo hata kwenye picha. Ugonjwa uleule ukimpata mtu wa California na mtu wa Keshero, anayesisitiza kwamba chanzo ni mawe ya Keshero ana kazi ya kutueleza California kuna mawe gani. Tena kuna magari yanayoshuka kutoka kwenye lori la kubebea magari, yametoka Mombasa kupitia Kampala, hayajakanyaga lava hata mita moja, na moshi wa buluu unatoka siku hiyohiyo. Hayo nayo Nyiragongo iliyafuata bandarini?

Ubaya wa kuisingizia lava ni kwamba unatibu mguu wa mtu anayeumwa tumbo. Gari linatetemeka, fundi anabadilisha bushi. Linatetemeka bado, anabadilisha vikalio vya injini. Pesa zinakwenda chini ya gari wakati ugonjwa uko juu.

Hoja ya dereva ni mbaya zaidi, kwa sababu ina jinsia. Gari la familia katika mji huu baba ndiye hulinunua, na mara nyingi mama ndiye hulitumia: shule asubuhi, soko, hospitali, kanisa, shule tena. Giaboksi ikifa, baraza la wanaume linakaa na kutoa hukumu kabla fundi hajafungua nati: mama hajui kuendesha, anakanyaga ghafla, hakuiacha ipate moto. Namfahamu mama mmoja aliyeacha kabisa kuendesha kwa sababu ya hukumu kama hiyo. Miezi kadhaa baadaye giaboksi mpya ikafa kwa njia ileile, mikononi mwa mumewe. Hakuna aliyeitisha baraza la pili.

Halafu kuna wanaojibu kwa jina la Japani. Wajapani, wanasema, hawatengenezi takataka, tazama gari lina miaka 15 na bado linang'aa. Ni kweli linang'aa. Nchini Japani gari jipya lazima lipite ukaguzi wa serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kasoro zinarekebishwa ndipo liruhusiwe barabarani. Gari lile lilitunzwa kwa amri ya sheria. Linapopanda meli, sheria inabaki bandarini. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilihesabu magari madogo ya mtumba milioni 14 yaliyosafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na asilimia 40 yaliishia Afrika. Majirani wamejiwekea mipaka: Kenya haisajili gari la mtumba lililozidi miaka 8, na Uganda mwaka 2018 ilizuia kuingizwa kwa yaliyozidi miaka 15. Gari lisilotakiwa huko kwa umri wake linaweza kupita likiwa safarini tu kuelekea kwetu, kilomita zake zimerudishwa nyuma, na usukani uko upande usiofaa kwa barabara zetu. Wengine huuhamisha usukani kwa kuchomelea, jambo ambalo hakuna Mjapani aliyelikusudia. Kisha tunasema limetoka Japani, kana kwamba lilishuka jana kiwandani.

Kuna kitu kimoja cha kweli kabisa katika sifa ya Toyota hapa Goma, na ni haki kukitaja. Fundi anaijua. Piesi zipo. Ukikwama Mugunga saa moja jioni, atapatikana kijana mwenye spana na taa ya simu, na kifaa kinachohitajika kitapatikana Birere kesho asubuhi, kipya au kilichotolewa kwenye gari lililokufa. Ukikwama na gari la Kiingereza, utaisubiri piesi mpaka watoto wamalize shule. Hiyo ni faida kubwa, inatosha kumfanya mtu mwenye akili anunue Toyota. Ila tuiite kwa jina la mwenyewe: ni kazi ya fundi wa Goma na ya muuza piesi wa Goma. Vijana hawa wanafufua magari kwa vifaa ambavyo garaje ya Ulaya isingekubali kufungulia hata dirisha, wanalipwa kidogo, wanacheleweshewa, na mwisho sifa inapelekwa Japani. Nissan X-Trail ingekuwa na mafundi wengi hivyo na piesi nyingi hivyo, tungeimba haiharibiki pia, ingawa giaboksi zake zisizo na gia zina historia inayojulikana: Nissan nayo ililazimika kuongeza dhamana ya giaboksi za namna hiyo nchini Marekani hadi miaka 10.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma zaidi, ambalo ni sisi wenyewe wenye magari. Imani hii isingedumu kama kila aliyeumizwa angesema. Hatusemi. Jirani yangu mmoja alinunua gari la familia. Sitaji aina yake wala aliyemuuzia. Baada ya muda mfupi akaanza kuongeza oili kila wiki. Leo ana bido ya oili nyuma ya gari, ameifunika kwa blanketi la mtoto ili mtu akifungua buti asiione. Ukimuuliza gari linaendaje, anajibu: "Hiyo? Haina shida." Shida anaijua yeye, mkewe na fundi wao. Kwa nini anaficha? Kwa sababu kesho atauza, na atakayenunua ni mtu wa mtaa huuhuu. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025 na benki kufunga milango, gari limekuwa pia mahali pa kuweka akiba, na hakuna anayetaka kutangaza kwamba akiba yake inavuja. Namwelewa. Lakini hesabu ya mwisho ni kwamba kila mmoja wetu ananunua siri ya mwenzake, anaitunza, na kumuuzia mwingine kwa bei ya juu.

Linganisha na kwingine. Ringi za 2AZ-FE hazikubadilishwa bure kwa sababu Toyota ilikuwa na moyo mwema. Wenye magari walipiga kelele. Nchini Australia, wenye Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, magari zaidi ya 260,000, walikwenda mahakamani pamoja juu ya kichujio cha moshi chenye kasoro, na mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ikaamua kwamba walistahili fidia. Machi 2014 Toyota ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa serikali ya Marekani kwa sababu ya kuwapotosha wateja kuhusu magari yaliyoongeza mwendo yenyewe. Watu wa nchi hizo bado wananunua Toyota kwa wingi. Hawakuona kwamba kuisema ni kuitukana.

Na Toyota yenyewe, kiwandani, haiamini maneno ya watetezi wake wa Birere. Katika viwanda vyake kuna kamba ya mfumo uitwao andon. Mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa juzi, akiona kasoro anaivuta. Msimamizi anakuja, na tatizo lisipotatuliwa mstari mzima unasimama. Uimara tunaousifu ulitoka kwa watu waliolipwa wavute kamba na kusema hapa pameharibika. Sisi tumechukua gari lililozaliwa kwa desturi hiyo, tukaliwekea desturi ya kunyamaza.

Kunyamaza huku kuna mahali kunapogeuka hatari ya maisha. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ilipogundulika kwamba inaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva, kwa sababu baruti yake ya amoniamu naitreti inaharibika kwa joto, unyevu na umri, dunia iliyaita magari yarudi kwa wingi usiowahi kuonekana. Takata ilifilisika Juni 2017. Januari 2024, Toyota iliwaambia wenye magari kama 50,000 nchini Marekani wasiyaendeshe kabisa mpaka yarekebishwe, na kati ya hayo zimo RAV4 za 2004 na 2005. Barua za namna hiyo hutumwa kwa aliyeandikishwa kama mwenye gari. Aliyeandikishwa nchini Japani aliuza zamani. Hapa kwetu barua haifiki, na muuzaji aliyekwisha kusema haiharibiki hatakuwa wa kwanza kukumbusha kwamba usukani unaweza kulipuka.

Najua nitakachojibiwa: basi tununue nini, tutembee na chukudu, baiskeli yetu ya mbao? Nunua Toyota ukitaka. Nunua kwa sababu fundi wako anaijua na piesi zipo, ukijua kwamba utazihitaji. Lakini achana na jina na uulize juu ya gari lenyewe lililo mbele yako. Fungua boneti usome bamba la injini. Ukiona 1AZ-FSE, ujue unachukua injini inayotaka esansi safi na fundi aliyeisomea. Ukiona 2AZ-FE, toa kijiti cha oili, kisha rudi baada ya wiki ukitoe tena, na utazame nyuma ya injini kama kuna alama ya maji yaliyokauka. Liwashwe likiwa baridi kabisa, asubuhi, si baada ya muuzaji kulipasha moto akikungoja. Namba ya chasi ya gari la Kijapani, ile fupi inayoanza na herufi kama ACA21, unaweza kuiingiza kwenye tovuti ya Toyota ya Japani na kuona kama gari hilo liliitwa lirudi na halikurudi. Mlipe fundi asiye rafiki wa muuzaji alikague. Malipo yake ni madogo kuliko ringi.

Na wewe ambaye tayari unalo, uliyeficha bido chini ya blanketi: sema. Waambie wa kanisani kwako, waambie wa kazini, taja injini, taja mwaka, taja kilichoharibika na ulicholipa. Wanaouza wataudhika na bei zitashuka kidogo, na hata la kwako litapoteza dola kadhaa. Lakini mnunuzi wa Goma atakuwa amepata kwa mara ya kwanza kitu ambacho mnunuzi wa Sydney amekuwa nacho siku zote, na muuzaji ajaye atakayekuambia haiharibikake atalazimika kukujibu: ipi, ya mwaka gani, yenye injini gani? Asipokuwa na jibu, bakisha dola zako mfukoni na uende kwa mwingine.